Kisigino cha Mjomba

Newala, 12 Julai

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenu. Sisi wazima, ila baridi inatutesa. Upepo wa Shimo la Mungu unaujua mwenyewe asubuhi unavyokata. Mama yako nimemkuta juzi akianika makopa, kaniuliza kama kweli mtoto kafanana na upande wetu. Nimemwambia ndiyo, Mungu anisamehe, picha yenyewe ilikuwa na giza.

Najua ulilia sana kwenye simu siku ile, nami sikukuambia la maana, mtandao ukawa unakatikakatika. Sasa arobaini imepita, wageni wamerudi kwao, nimeona nikuandikie.

Mjomba tulimzika alasiri, nyuma ya mikorosho yake. Kulitokea ubishi kidogo uani. Vijana walitaka apigiwe ngoma, wazee wa msikitini wakakataa, na wazee wakashinda. Basi likuti na vinganga vyake vilikuwa vimelazwa ukutani, ngozi zimelegea kwa umande, hakuna wa kuziotesha moto. Hilo lilinitoa machozi kuliko jeneza. Unakumbuka alivyokuwa hakubali ngoma iguswe mpaka yeye aridhike? Anawasha nyasi kavu, anaigeuza ngozi juu ya moto, anaigonga kwa kidole kimoja, anatega sikio, anairudisha. Wacheza sindimba wameshajifunga viuno wanangoja, yeye anasema, "Bado inakohoa."

Watu wa nje walimjua kwa vinyago. Sisi tulimjua kwa kelele zake, mchana tezo na usiku malimba. Mimi mpaka leo nikisikia chuma kikigonga mti mgumu nasikia harufu ya mpingo, ule unga mweusi uliokuwa unamkaa puani na kwenye nyusi. Gogo alikuwa analibana kwa nyayo zake mwenyewe, anakula kwanza ile mbao nyeupe ya nje, akifika kwenye weusi anapunguza mkono. Bwana mmoja wa mambo ya misitu alimweleza kwamba mpingo huohuo Wazungu wanatengenezea klarineti. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe wao wanaupuliza, mimi naupiga."

Hela hakuziona, hilo tusidanganyane. Yule mchuuzi aliyebeba mti wake wa watu waliopandiana, kazi ya miezi minne, aliondoka na ahadi na mpaka mazishi hakuonekana. Mjomba hakumlaani. Alichokuwa anakiona ni kwamba mkono wa mtu wa huku unaweza kufika mbali. Siku redio iliposema Lilanga, yule mchoraji, amefariki, mwaka 2005, aliweka tezo chini mchana kutwa, akawa anatuhesabia: mtoto wa Masasi huyo, sukari imemla miguu yote miwili, na bado alikuwa anachora mashetani yake yakicheka. Hilo la miguu lilimwingia. Akawa anajitazama kidole chake.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Ukimaliza kusoma, barua hii usiiache watoto waione.

Kile kidole gumba cha mguu wa kushoto, tezo lilikikata kabla sisi hatujazaliwa. Tangu hapo mguu ule alikuwa anautua kwa kisigino kwanza, polepole, kama anayepima maji. Sasa kumbuka lipiko, yule mcheza ngoma wa kinyago, wa utotoni kwetu. Nguo mwili mzima, hata vidole havionekani, kile kichwa cha bibi mwenye ndonya mdomoni kimeinama, tunakimbizwa mpaka nyuma ya ghala, na mama zetu wanapiga kelele wakituambia hilo ni zimwi limetoka makaburini. Nawe ukanivuta kanga ukaninong'oneza, "Tazama kisigino." Tulikuwa na miaka tisa au kumi. Hatukusema tena, wala siku moja, hata tulipokuwa ndani unyagoni na tulikuwa tunaambiana kila kitu. Mwanamke hajui aliyemo ndani ya lipiko, basi, hatukujua. Tulikuwa tunamwamkia asubuhi yake, "Shikamoo mjomba," naye anaitikia kwa sauti ya mtu aliyelala usiku kucha.

Ile sura ya bibi aliichonga yeye, kwa mti mwepesi. Mpingo ungevunja shingo. Nywele kabandika za kweli kwa nta. Nilidhani itazikwa sirini na yeye au itaoza darini.

Jumamosi iliyopita wavulana walitoka jandoni. Siku hizi mambo yanabanwa kwenye likizo ya shule, wiki chache tu, lakini uwanja ulijaa. Ngoma ziliota moto safari hii. Nikasikia kinganga kinaita, wanawake tukasogea nyuma, lipiko akatoka upande wa mikorosho akiwa na sura ileile ya bibi. Ngoma ikakatika ghafla, naye akasimama hapohapo ilipokatika, kama kafungwa kamba. Kisha akatua mguu wa kushoto. Kisigino kwanza.

Somo, vigelegele viliniishia mdomoni. Nikamgeukia bibi yako, ukimwona usingesema ni yule anayelalamikia macho. Alikuwa anatazama pale chini ninapotazama mimi. Wanawake wazima, mstari mzima, tumeinamisha vichwa tunatazama vumbi. Kijana gani aliyekaa akausoma ule mguu mpaka akaujua hivyo, na kwa miaka mingapi, ninamdhania mtu lakini sitamwandika. Nilifungua mdomo, bibi akanikanyaga. Halafu akapiga kigelegele yeye, kirefu, na sote tukafuata, tukakimbia nyuma ya ghala tukipiga kelele kama watoto, na watoto wenyewe nyuma yetu.

Malimba yake ni yako, alisema mbele ya watu. Yale ya vyuma vya spoku za baiskeli alizozipondaponda mwenyewe. Nimeyafunga ndani ya kanga ya msiba, yatakuja na basi mpaka Mbagala, kaka yako atayapokea ayasafirishe Mwanza. Chuma cha tatu kutoka kulia kinalialia, utadhani kimelegea. Usikikaze.

Wako,
Somo yako