Mpwa wangu, ingia tu pale Soho Road

Marahaba, mpwa wangu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kazini, nikacheka peke yangu. Hata Birmingham hujaizoea, tayari unauliza kama lile jumba la makuba pale Soho Road ni la Makalasinga "kama wale wenye hekalu kule Makindu", na kama binti wa Kiislamu kutoka Mombasa anaruhusiwa kuingia. Nakujibu hadharani, maana wenzako wengi wanaogopa kuuliza.

Ni wale wale hasa. Gurudwara hiyo, yaani hekalu lao, ni ya jumuiya iitwayo Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, na mwasisi wa jumuiya hiyo, Baba Puran Singh, aliishi Kericho miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza miaka ya sabini. Wazee wa familia nyingi za namna yake walishuka Mombasa wakati wa ujenzi wa reli, ulioanza 1896: maseremala, wahunzi, waashi. Reli ilipofika Kisumu 1901, wengine wakabaki. Kisha 1967 Kenya ikawabania wasio raia vibali vya kazi na leseni za biashara, na 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda; wengi wakaishia huku Uingereza. Kwa hiyo usishtuke babu mwenye kilemba akikuuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha hao vijana wetu wa huku.

Wala hawakupokewa kwa shangwe. Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya, ambao pasipoti zao zilikuwa za Uingereza hiyo hiyo. Na hapo jirani, Wolverhampton, madereva wa basi walikatazwa kuvaa vilemba mpaka 1969.

Sasa, kuingia. Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa. Mtandio wako unatosha. Ukumbini utakuta kitabu chao, Guru Granth Sahib, kimewekwa chini ya kitambaa cha heshima. Wao wanakisujudia, wewe hulazimiki. Kaa chini kimya, usikielekezee nyayo. Utapewa halua yao ya unga, samli na sukari, ipokee kwa viganja viwili. Moyo ukisita, kataa kwa upole, hakuna atakayekununia.

Halafu teremka kwenye langar, jiko lao la chakula cha bure kwa yeyote, ambako ndiko ninakotaka ufike. Nyama hakuna, mayai hakuna, kwa hiyo suala la halali tuliache. Watu wamekaa safu kwa safu, mwanafunzi bega kwa bega na mwenye duka, na asiye na pa kulala yumo humo humo. Mtu anapita na ndoo ya dengu, mwingine na chapati. Chapati unaipokea kwa mikono miwili, haichomolewi kwenye sahani. Chukua unachoweza kumaliza. Ukishiba, usikimbilie basi. Nenda kwenye masinki ukaulize kama kuna vyombo vya kuosha. Vipo, havijawahi kuisha. Kazi yote ile ni ya kujitolea.

Usidhani nawasifu kupita kiasi. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, alikataa mambo ya tabaka, lakini miji kadhaa ya hapa ina gurudwara za Ramgarhia, yaani ukoo wa mafundi, kando na za wengine. Na chaguzi za kamati zao! Kule Southall, London, kwenye lile jengo la Havelock Road lililofunguliwa 2003 kwa paundi milioni 17 hivi, kampeni ni moto kama za ugavana. Mimi marumaru na kuba la dhahabu havinibabaishi. Waliko wenyewe ni jikoni.

Jumapili kunajaa mno, kwa hiyo mara ya kwanza nenda siku ya kazi. Vaisakhi, sikukuu yao kubwa, ni Aprili, na Handsworth Park hufurika; tutakwenda pamoja. Mama yako nitamweleza mimi.

Mjomba wako