Mlango wa nyuma wa pikapu haufungi? Usikimbilie loki, cheki bawaba kwanza

Wiki haipiti bila mtu kuingia dukani kashika loki mkononi, bosi hii uliyoniuzia mbovu haikamati. Sibishani, tunatoka nje mpaka kwenye gari, namwambia shusha mlango wa nyuma nusu, shika pembeni unyanyue. Unakuta unapanda na kushuka kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Loki haina kosa hapo, bawaba ndo zimeisha, au hinji kama mafundi wanavyoziita.

Ndani ya bawaba kuna pini na bushi, yaani kile kipete kinachoizunguka pini, na bushi kwenye gari nyingi ni plastiki. Ikilika, chuma kinasaga chuma, mlango unashuka upande mmoja milimita chache tu lakini hizo chache zinatosha loki isikutane tena na chuma chake kwenye bodi, we unaubamiza kwa nguvu ndo ufunge, na loki nayo inaanza kufa. Gari za samaki za soko la Feri, Dar, ndo zinaongoza kwa hili, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanatiririka mpaka nyuma yanaishia kwenye bawaba yanalala hapo usiku kucha. Wanaofuata ni hawa wanaopandisha bodaboda kwa kuipitisha juu ya mlango ulioshushwa.

Sasa kwenye kununua ndo kuna kazi. Mtu anapiga simu, "nataka hinji za Hilux". Hilux ipi mkuu? Ile ya kabla ya Vigo, Vigo yenyewe, au Revo iliyoanza 2015? Hizo kwa habari ya mlango wa nyuma zihesabu ni gari tatu. Au mwingine ana BT-50 ya Mazda kaambiwa kijiweni kwamba ni Ford Ranger tu ile, chukua za Ranger. Ya zamani ni kweli ina undugu na Ranger ila kuanzia 2020 BT-50 mpya imehamia kwa Isuzu D-Max, na hata huo undugu mwingi ni wa chini, chasisi na vitu kama hivyo, bati za nyuma si lazima zifanane.

Tulikuwa tunaamini namba ya chasisi inamaliza kila kitu. Halafu akaja mzee mmoja wa Mkuranga na kadi ya gari, tukasoma namba, Vigo safi kabisa, tukampa pea. Kesho yake karudi, matundu ya bolti yamepishana karibu upana wa kidole gumba. Kuja kulicheki gari, kumbe bodi ya nyuma si yake, aliyemuuzia aliwahi kugongwa nyuma akanunua bodi nzima la mtumba la toleo jingine akafunga humo humo, kadi itajuaje? Tukambadilishia, nauli yake tukala hasara sisi.

Tangu siku hiyo tunaomba namba ya chasisi NA picha. Weka rula pembeni ya bawaba halafu piga, tuone matundu mangapi na yameachana milimita ngapi kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya lenzake. Ukiweza kufungua ile ya zamani ukaja nayo ndo vizuri zaidi, hata kama imeliwa na kutu, usiitupe. Na piga kushoto na kulia zote mbili, maana kwenye pikapu nyingi hazifanani, upande mmoja una mdomo wazi ili mlango ukiwa nusu uweze kuuchomoa. Watu wananunua mbili za kushoto wanaumia bure.

Kuhusu kopi, yaani bawaba zisizo orijino, zipo nzuri na zipo za bati jepesi ukiikunja kwa mkono inakubali, hizo hatuweki. Kama bodi lako lina kutu pale bolti zinapoingia, hata bawaba orijino haitakaa, anza kwa fundi bodi kwanza.

Na tafadhali usikubali fundi akuchomelee. Inashika leo ndio, ila rangi ya ndani inaungua kutu inaanzia hapo hapo, na siku unataka kutoa mlango unaita grainda.

Kufunga ni kazi ya watu wawili, mlango mzito ule. Bolti zenye kutu zimwagie mafuta jana yake, usiziforsi zikakatikia ndani. Kabla hujalegeza chora mstari wa chaki kuzunguka bawaba ya zamani ujue mpya inakaa wapi, na kama gari yako ina kamera kwenye kitasa chomoa waya kwanza, juzi tu mtu kaikata hivyo. Kaza bolti kwa mkono, funga mlango, angalia uwazi kushoto na kulia uko sawa, ndo umalizie na sipana.