Barua ya wazi kwa binamu yangu: zile dakika ulizozikata

Binamu,

Shangazi kanipigia juzi, furaha tele. Anasema mwezi wa kumi na mbili unakuja kwenye harusi ya dada yako na umemwahidi kwamba bendi yetu ya roki itapiga. Kanitajia mpaka wimbo: ule wa dakika tatu na nusu, ndio maharusi watakaoingilia ukumbini. Nimekuandikia WhatsApp, tiki zimegeuka bluu, kimya. Basi nakuandikia hapa, maana najua kila ninachoweka hapa unakisoma.

Kwanza nimekukumbuka, na hilo sikulisema kwenye meseji. Nimeikumbuka sebule ya Shangazi pale Magomeni, na namna ulivyoipakata spika ya kinanda changu juu ya bodaboda, mvua inanyesha, umeifunika kwa koti lako mwenyewe na wewe umelowa chepechepe. Uliuza simu yako ili tulipie studio. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba hukuipenda ile bendi. Mimi ndiye shahidi wako.

Na wewe ndiye uliyeniletea King Crimson, ile bendi ya roki, kwenye flashi. Ulinisimulia kama unasimulia habari za ukoo wetu: vijana wa Kiingereza, mazoezi ya kwanza Januari 1969 chini ya mgahawa mmoja London, Julai wako Hyde Park mbele ya umati uliokuja kuwaona Rolling Stones, Oktoba albamu iko madukani. Nyimbo tano tu, sahani nzima. Prodyuza waliyepewa hawakuelewana naye, wakaamua kuisimamia kazi yao wenyewe. Ulikuwa unalirudia hilo: "Wenyewe, binamu. Hawakumruhusu mtu awapunguzie." Nakumbuka ulivyonieleza Melotroni ya Ian McDonald, kinanda ambacho kila kibao chake kinavuta kipande cha utepe chenye sauti ya ala halisi, na baada ya sekunde nane hivi utepe unakwisha, lazima uachie kidole.

Sisi Melotroni tungeitoa wapi? Nikaenda kwa akina mama wa kwaya, nikawaomba waniimbie "aaa" noti moja moja, kila noti sekunde nane, nikaziingiza kwenye kinanda. Walicheka sana, lakini waliimba kwa moyo. Mpaka leo nikipita pale, mama mmoja ananiuliza wimbo wao umefika wapi. Namwambia upo njiani. Nimjibu nini kingine?

Halafu tukawapata Sunburst. Hapo ndipo nilipodhani tumeelewana kabisa. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilizitoa upya rekodi zao za 1973 hadi 1976, na sisi tukakaa tunazisikiliza mpaka Shangazi akazima taa. Bendi ya Dar es Salaam, imeundwa hapa hapa mwaka 1970! James Mpungo anaimba, Hembi Flory Kongo kutoka Kongo yuko kwenye gitaa linalolia kwa fazi, ile sauti ya kukwaruza, na chini yake mdundo ni wa kwetu, mtindo wenyewe wakauita Kitoto. Na fikiria ulikuwa mji gani huo. Mwaka 1969 tu muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku Dar, vijana wa TANU wanakagua suruali za kubana na sketi fupi barabarani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Mwanamuziki alirekodi Radio Tanzania, na akitaka sahani aliifuata Nairobi. Albamu yao moja, Ave Africa, waliirekodi Zambia mwaka 1976, kwa wenzao ambao roki ilikuwa imewakolea, bendi kama WITCH. Siti binti Saad naye alikwenda mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake ishikwe. Watu wetu wamesafiri mbali kwa ajili ya kurekodi, na walipofika huko waliimba kwa namna yao.

Wewe ulisafiri kutoka Magomeni hadi Sinza.

Unajua ninakokwenda. Ile studio haikuwahi kuona dramu nzima, biti zote zinatoka kwenye kompyuta na kibanda ni cha mtu mmoja kuimbia. Dramu ikawekwa kwenye korido, magodoro mawili yameegemezwa ukutani, anayetaka kwenda chooni anasubiri tumalize. Marehemu, mpiga dramu wetu, alikuwa amekuja na kipande cha kanga ya mama yake, akakibandika kwa selotepu juu ya snea, ile ngoma kali ya dramu, ili isipige kelele. Katikati ya wimbo ndipo palipokuwa pake. Alikuwa ameuchukua mdundiko, ule ule aliokua nao Kigogo akikimbia nyuma ya wapiga ngoma, akauingiza kwenye mapigo saba: mbili, mbili, tatu. Mbili, mbili, tatu. Juu yake wale mama wa kwaya wanapanda taratibu, noti kwa noti, na gitaa lako halimo kabisa mpaka mwisho, ndipo linaingia. Alipiga mara moja tu, bila kukosea. Prodyuza mwenyewe alitoka kwenye chumba chake akasimama mlangoni kumtazama.

Siku ya miksi ulikaa wewe kwenye kiti karibu na kompyuta. Marehemu alikuwa nyuma yako, kwenye kreti la soda. Ukaweka kidole kwenye skrini, ukasema, "Kuanzia hapa mpaka hapa, toa." Prodyuza akakuuliza mara mbili. Ukasema, "Hii sehemu ya uswahilini inaharibu. Haifanani na roki. Na redio hawatapiga wimbo wa dakika kumi na nne."

Marehemu hakubisha. Alinyanyuka, akaenda koridoni, akaibandua ile selotepu polepole, akakikunja kile kipande cha kanga mara nne na kukitia mfuko wa shati. Akasema "poa tu", akaenda kusubiri daladala. Hukugeuka. Mimi niligombana na wewe mpaka usiku, unakumbuka, na unachowaambia watu ni kwamba nilikuwa natetea kinanda changu. Hapana. Kinanda ningekipiga tena kesho yake. Yeye hakurekodi tena popote, na mwaka 2021 tulimzika.

Habari ya redio sikuikubali siku ile na siikubali leo. Tangu lini watu wetu wakachoka wimbo mrefu? Taarabu inakwenda robo saa na watu wananyanyuka kwenda kutunza. Bendi za dansi, ngoma ikifika kwenye sebene ndipo ukumbi unaamka. Hata kwenye santuri ndogo, ambazo upande mmoja haubebi zaidi ya dakika chache, wazee walifanya nini? Waliweka Sehemu ya Kwanza upande huu na Sehemu ya Pili upande wa pili. Walimwachia msikilizaji kazi ya kugeuza sahani, na aligeuza. Babu aligeuza! Hawa wasikilizaji wasio na subira uliokuwa unawahofia sijui uliwaona wapi, na redio yenyewe hata hicho kipande cha dakika tatu na nusu haikukipiga.

Ninachokushauri, kwa sababu nasikia huko Muscat umepata vijana wa kupiga nao, ni hiki: ukimpa mtu nafasi kwenye wimbo, usimnyang'anye mbele ya watu. Mkubaliane mapema nani ana neno la mwisho kwenye miksi. Sisi hatukukubaliana kwa sababu nilikuamini, na nilikuwa na haki ya kukuamini, wewe ni mtoto wa shangazi yangu. Na mkianza, anzeni na mpiga dramu, msimlete mwisho kama sisi. Gitaa na kinanda watu wanaweza kufundishana sebuleni. Mtu wa kukaa kwenye saba bila kuhesabu kwa mdomo humpati kirahisi.

Umewaambia watu pia kwamba mimi ndiye niliyeivunja bendi kwa kukataa shoo. Nilikataa shoo moja, ile ya hoteli, kwa sababu walitaka tupige bila dramu, kwa laptopu. Ningepanda vipi jukwaani huku mwenzetu yupo nyumbani na mikono yake mizima? Wewe ulipanda. Baada ya hapo ukapata viza, ukaondoka, na kuondoka kwako sikukulaumu hata siku moja. McDonald na mpiga dramu wao, Giles, nao waliondoka King Crimson mwisho wa 1969, ziara ya Marekani ikiisha, albamu ina miezi miwili tu. Watu huondoka. Lakini tepu zao hazikuondoka nao. Mwaka 2009, miaka 40 imepita, Robert Fripp, mpiga gitaa wao, na mwanamuziki Steven Wilson walikaa wakaifanyia ile albamu miksi upya kutoka kwenye rekodi za awali, na dramu za Giles zilikuwa bado zipo.

Kwa hiyo nakuuliza mbele ya wote: ile hadidiski iko wapi? Prodyuza alikupa kazi nzima kabla hajafuta yake, mimi nilikuwepo, ni ile nyeusi yenye kava lililopasuka. Mara ya kwanza ulisema umeisahau nyumba uliyohama. Mara ya pili ukasema imekufa. Kama imekufa, njoo nayo hivyo hivyo ilivyokufa. Kariakoo kuna vijana wanafungua diski zilizozama kwenye maji ya mafuriko na wanatoa picha za watu. Gharama nitalipa mimi. Usimpe mtu mwingine aishike huko, na usiiwashe tena kujaribu.

Harusini nitakuja, dada yako ni dada yangu, na mchango wangu nimeshampa Shangazi. Ule wimbo mfupi sitaupiga. Ukija na diski na dakika zake zikapatikana, nitakaa kwenye kinanda tuupige wote, dakika kumi na nne, na maharusi watembee polepole. Mama wa Marehemu naye amealikwa. Mpigie wewe kabla hujapanda ndege, namba yake haijabadilika.