Taa ya ABS imewaka? Subiri kwanza, usinunue sensa

Wiki hii tu wamekuja wateja watatu hapa Sakina, Arusha, kila mmoja ana sensa mpya ya tairi mkononi bado iko kwenye boksi, "fundi nifungie hii, mashine imesema sensa imekufa". Mashine ya kusoma kodi za gari haijasema hivyo jamani. Imesema haipati taarifa kutoka tairi fulani, basi. Kwenye Toyota nyingi ukiona kodi C0200 ni tairi la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 na C0215 ni za nyuma, kulia na kushoto. Hapo umepewa nyumba tu, mgonjwa ni nani humo ndani bado hujajua.

ABS ni mfumo wa breki unaozuia tairi zisigande, na sensa kazi yake ni kuhesabu mzunguko wa tairi. Kompyuta inalinganisha zote nne, ukikanyaga breki kwa nguvu ikaona moja limeganda wenzake bado wanazunguka inaliachia kidogo halafu inalikamata tena, mara kibao ndani ya sekunde moja, ndo ule mtetemo unaousikia kwenye pedali. Sensa moja ikinyamaza kompyuta inazima ABS inawasha taa, na gari za sa hivi zinawaka na taa nyingine juu yake, mtu anakuta dashibodi imependeza kama ukumbi wa harusi anajua gari ndo basi tena. Breki za kawaida unazo, ila kwenye utelezi tairi zinaweza kuganda, nenda taratibu. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki usije unaendesha, piga simu tukufuate.

Ukifika nitakuuliza taa inawaka saa ngapi. Ukiwasha gari ikawaka sekunde chache ikazima, hiyo ni kawaida. Kama haizimi kabisa nawaza waya umekatika. Kama inazima halafu ukitembea kidogo inarudi, nawaza uchafu, beringi, au ringi ya meno, yaani ile inayozunguka na tairi sensa ikiyahesabu meno yake. Kuna na ile unasimama zako polepole kwenye foleni, umebakiza kidogo gari itulie, pedali inaanza kutetema na taa wala haijawaka, hapo mara nyingi ringi imepasuka au imeliwa na kutu.

Halafu nitauliza nani kaigusa gari mara ya mwisho, na hili ndo watu wanaficha, sijui kwa nini. Kuna dada wa Njiro alishanunua sensa mbili, taa iko pale pale. Tukainyanyua gari, tukazungusha tairi huku tunaangalia mashine, matatu yanasoma spidi, la mbele kulia sifuri. Umeme kwenye plagi ya sensa upo, waya mzima. Ndo akakumbuka alibadilisha beringi mahali kama mwezi umepita. Sasa gari nyingi siku hizi hazina ringi ya meno, sumaku iko kwenye sili ya beringi, upande mmoja tu, na upande huo lazima uitazame sensa. Tukaitoa beringi kwa presi, nikainyunyizia unga wa chuma wa pale chini ya grainda, upande wa ndani ukadondoka wote, upande wa nje ukang'ang'ania. Beringi ilifungwa kinyume! Na ikishatolewa hivyo hairudi, akanunua mpya, sensa yake ya kwanza kabisa ndo inafanya kazi mpaka leo.

Waya nao tunauangalia pale karibu na shokapu, unapopinda kila ukikata kona, unakuta nje mzima ndani umekatika, hasa gari za Moshono na Olasiti zinazokula tope masika yote. Sensa za zamani za waya mbili tunazipima kwa mita, nyingi zinasoma kwenye omu 1,000 mpaka 2,000 hivi. Hizi mpya zinazotumia umeme usiruhusu mtu aziwekee mita ya omu, anaweza kuiua iliyokuwa nzima, hizo tunaangalia umeme unaoingia na spidi kwenye mashine, kisha tunatoka na gari mpaka Ngaramtoni na kurudi.

Kupima ni 20,000, ukitengenezea hapa tunaikata kwenye bili. Na ile sensa ya zamani usiitupe, njoo nayo.