Programu ikianguka, keneli nayo ihojiwe

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu programu zinazoanguka ghafla ilihitimisha kwamba kosa ni la aliyeiandika programu, na kama si lake, basi RAM ya mashine, yaani kumbukumbu yake ya muda, ni mbovu. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, mwandishi aliruka tabaka zima lililo kati ya hao wawili, yaani keneli, kiini cha mfumo endeshi, na mimi niliyepoteza karibu mwezi mzima kwa kufuata ushauri wa namna hiyo naomba nafasi ya kuliziba pengo hilo.

Nasimamia seva. Mojawapo ilikuwa ikiangusha programu ileile kila baada ya siku mbili tatu, na kila mara mahali tofauti: leo katika kupanga orodha, kesho katika kusoma faili. Tuliipima RAM usiku kucha, ikaonekana nzima. Tukaibadilisha hivyo hivyo, kwa kukata tamaa tu. Kilichotuzindua ni kwamba seva pacha yake, yenye vifaa vilevile, haikuwahi kuanguka, na tofauti pekee tuliyoiona ilikuwa toleo la keneli. Tuliporudisha toleo la zamani, utulivu ukarejea.

Anayedhani hiki ni kisa cha ajabu na akumbuke yaliyowapata watengenezaji wa Go, lugha ya kuandikia programu, mwaka 2019, walipokuwa wakiandaa toleo la 1.14, ambalo lilianza kutumia ishara za mfumo (taarifa fupi ambazo keneli huifikishia programu) kukatiza kazi zinazoendelea. Ishara inapofika, keneli huhifadhi rejista za prosesa (vihifadhi vyake vidogo vya data inayofanyiwa kazi) katika staki ya programu, yaani eneo la kumbukumbu la kazi zake za muda, kisha huzirudisha. Lakini katika keneli ya mfumo endeshi wa Linux kuanzia toleo la 5.2, ikiwa ukurasa, yaani kipande, wa staki hiyo haukuwa umeshaletwa kwenye kumbukumbu, rejista za vekta (zile zinazobeba thamani nyingi kwa pamoja) ziliweza kurudi zikiwa zimevurugika. Kioja ni kwamba msimbo uleule wa keneli ulikuwa salama ulipojengwa kwa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya GCC toleo la 8, na kasoro ikajitokeza ulipojengwa kwa GCC 9. Marekebisho yalikuja katika matoleo ya 5.3.15 na 5.4.2. Mwandishi wa programu angeukagua msimbo wake hadi aote mvi asione kitu.

Kumsaka mhalifu kunawezekana. Ukishapata toleo zima na toleo bovu, unajaribu la katikati, kisha katikati ya nusu iliyobaki, hata mabadiliko 16,000 yaliyo kati ya matoleo hayo yakamalizika kwa majaribio 14. Ugumu uko katika kusubiri, kwa sababu anguko linalojitokeza kila baada ya siku mbili halijaribiwi kwa saa moja, na ukiharakisha ukaliita zima toleo lililo bovu, hatua zote zinazofuata zinakupeleka porini. Ndiyo maana kazi yetu kubwa ilikuwa kuandika programu ndogo ya kulichokoza anguko litokee ndani ya dakika chache.

Naomba basi mwandishi wenu auongezee ushauri wake jambo moja: ripoti ya anguko katika Linux itaje toleo la keneli na la kompaila iliyoijenga. Yote mawili yamo katika mstari mmoja wa faili /proc/version, na ripoti zetu za wiki tatu za mwanzo hazikuwa na hata moja.

Msimamizi wa seva