Barua kwa Ezekieli, aliyeanza kuwapikia watoto

Buigiri, Chamwino,
Dodoma.
18 Januari

Ndugu yangu Ezekieli,

Mbukwa! Barua yako nimeipokea juzi kutoka kwa dereva wa Toyota Noah, nikaisoma palepale stendi. Nimefurahi kusikia Mama Imani ameanza masomo yake salama Morogoro, na kwamba watoto wote watatu ni wazima. Salamu zangu zimfikie Mama mzazi hapo kwako. Habari ya presha yake imenigusa, nitairudia huko mbele.

Kwanza ile orodha ya vitu unavyotaka kununua mshahara ukitoka. Uji wa boksi, mafuta ya zeituni, poda ya protini uliyosifiwa na mwalimu mwenzako. Nakuomba usinunue hata kimoja. Fedha hiyo nunulia mayai, dagaa, maharage na karanga. Nimekuwa mhudumu wa afya hapa kijijini muda mrefu, nikipima watoto na kukaa na mama zao jikoni, na jambo moja nina hakika nalo: karibu kila kitu anachohitaji mtoto wa Dodoma kinaota Dodoma au kinauzwa kwenye soko lililo karibu naye. Kinachopungua ni mpangilio wa sahani.

Tazama sahani ya Imani leo jioni. Nadhani utaona ugali umejaa, na mchicha umekaa pembeni kidogo, wa kuchovea tu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi, na ugali hauna kosa lolote, unatia nguvu. Lakini mwili wa mtoto unajengwa na protini, madini na vitamini, na hivyo ugali peke yake hautoshelezi. Kwako wewe na kwa Mama, jaribu kupakua hivi: nusu ya sahani mboga za majani na tunda, robo ugali au wali, robo iliyobaki maharage, kunde, yai, samaki au nyama. Hao wawili wanaosoma wafuate mpangilio huohuo, ila ukiona wametoka kucheza mpira na bado wana njaa, waongezee. Usimpimie ugali mtoto anayekua.

Yule mdogo wa miaka mitatu ni habari nyingine. Tumbo lake ni dogo, hawezi kula kingi kwa mara moja, kwa hiyo ale mara nyingi: milo mitatu na kitu kidogo katikati, kama kipande cha papai, yai la kuchemsha au kiazi kitamu. Chakula chake kiwe laini na kizito, chenye karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta, ili kile kidogo anachokula kimpe nguvu. Tena mpakulie kwenye sahani yake mwenyewe. Wakila sinia moja, kaka zake wanamaliza mboga yeye akiwa bado anapoza tonge la kwanza. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika kumhusu, maana nimeona nyumba zenye chakula cha kutosha ambamo mtoto wa mwisho ndiye mwenye uzito pungufu.

Sasa unga. Umesema mnakula sembe kwa sababu watoto wanapenda weupe wake. Mahindi yanapokobolewa, pumba na kiini huondoka, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini B na sehemu kubwa ya madini. Dona linabaki navyo. Ila bora zaidi ni uwele na mtama, nafaka za wazee wetu, zinazovumilia ukame wa kwetu huku. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko mahindi, na chuma ndicho kinachokosekana kwa watoto na akina mama wengi wenye upungufu wa damu. Wakigoma, usigombane nao. Changanya sehemu moja ya uwele na sehemu tatu za dona, kisha ongeza polepole kadiri wanavyozoea.

Uko Kibaigwa, penye soko kubwa la nafaka, mahindi yako mlangoni, basi nisikilize kwa makini hapa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri au zilizohifadhiwa mahali penye unyevu. Kupika hakuiondoi, hata uchemshe kutwa nzima. Kwa hiyo nunua mahindi makavu, yachambue, punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe kabisa. Usiwape hata kuku. Karanga vivyo hivyo: iliyosinyaa, yenye ukungu au yenye ladha chungu haifai. Usinunue karanga zilizokwisha kusagwa kwa mtu usiyemjua, kwa sababu hujui alisaga nini. Magunia yapange juu ya mbao, mbali na ukuta.

Hapohapo niseme kuhusu unga wa lishe. Najua unauzwa kila mahali, nafaka tano, soya, karanga, dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Siupendi. Karanga zikisagwa mapema unga huchacha haraka, na nafaka moja mbovu inaharibu mfuko mzima. Soya nayo isipochemshwa au kukaangwa vizuri huuzuia mwili kuitumia protini yake. Pika uji wa uwele au wa dona mtupu, kisha utie karanga ulizotwanga asubuhi hiyohiyo, au maziwa. Na ukishaepua, uji ukipoa kidogo, koroga unga wa ubuyu vijiko viwili vitatu. Nasema ukipoa kwa sababu moto mkali huharibu vitamini C, na ubuyu umejaa vitamini hiyo. Vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kufyonza chuma cha kwenye uwele. Vikikutana katika kikombe kimoja, mtoto anapata faida ya vyote viwili. Ule ubuyu wa rangi nyekundu wa madukani una sukari nyingi, usiutumie kwa kazi hii.

Chai ya rangi, kinyume chake, huzuia chuma kufyonzwa. Najua Mama hawezi kuamka bila chai. Anywe, ila iwe saa moja hivi mbali na chakula. Watoto wasipewe kabisa pamoja na mlo.

Maharage uliyosema yanakumalizia gesi ya kupikia, tena yanawajaza watoto tumbo. Yachambue jioni, yaoshe, yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, chemsha mpaka yaive kabisa, laini ya kupondeka kwa vidole. Yataiva haraka na gesi ya tumboni itapungua. Kwa kuwa una friji, chemsha mengi Jumapili, gawanya, kila siku unachukua fungu moja unaliunga kwa kitunguu, nyanya na karoti. Njia hiyo itakuokoa siku za kusahihisha madaftari. Usidhani maharage ni chakula cha dhiki. Makande, kwa mfano, yana hesabu nzuri ndani yake: kile kinachopungua katika protini ya mahindi kinapatikana kwenye maharage, na kinachopungua kwenye maharage kinapatikana kwenye mahindi. Pika makande ya mahindi yasiyokobolewa, tia karanga na majani ya maboga mwishoni, na hapo nyama haihitajiki.

Nyama hata hivyo ina kazi yake, na huhitaji nyingi. Robo kilo ukiikatakata ndogo ndani ya choroko au kunde inaitosha familia yako. Mara mojamoja nunua maini, yana chuma na vitamini A kwa wingi. Dagaa ndio rafiki yako mkubwa, kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao na humo mna kalsiamu. Waoshe kwa maji ya moto uondoe mchanga, wakaange kwa mafuta kidogo, utie nyanya na ndimu.

Mboga za majani. Huu ni msimu wake, mvua zinanyesha, na huko mashambani mlenda, majani ya kunde na ya maboga yamejaa. Osha kabla ya kukata, wala usioshe baada ya kukata, maana vitamini zinaondoka na maji. Tia kwenye sufuria maji yakiwa yamechemka, yawe kidogo, funika, dakika chache zinatosha. Maji yake usiyamwage. Weka karanga au kijiko cha mafuta, kwa sababu mwili hauwezi kuichukua vizuri vitamini A ya mboga bila mafuta. Mlenda wenye karanga, ule wa bibi zetu, umepangwa vizuri kuliko vyakula vingi vya hotelini. Kitu kimoja tu ningekiondoa humo: magadi. Yanaharibu vitamini na yana sodiamu, jambo ambalo kwa Mama ni baya. Mlenda unateleza wenyewe, na ukitaka uteleze zaidi tia bamia.

Kwa kuwa mboga ni nyingi sasa, kausha za kiangazi. Kuanzia Mei mpaka Novemba fungu la mchicha litakuwa dogo na bei kubwa. Chovya majani kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yachuje, yatandaze kwenye kichanja kivulini penye upepo. Wengi huanika kwenye jua kali, na jua hilo hula vitamini A nyingi.

Mama na presha yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo imehesabiwa chumvi yote, pamoja na iliyomo kwenye mkate, dagaa wa chumvi na vile vidonge vya kuongezea ladha ya mchuzi. Vidonge hivyo viache. Ladha ipatie kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu au ukwaju. Chumvi ondoa kidogokidogo, wiki hadi wiki, na usiiweke mezani. Hiyo inayobaki iwe yenye madini joto. Dawa zake asiache hata siku moja kwa sababu eti anakula vizuri, na kabla ya kubadilisha chochote cha dawa amwone daktari wake. Usimpikie chungu chake peke yake, Ezekieli. Mpike wote chakula hichohicho chenye chumvi kidogo, watoto nao wazoee mapema, na Mama asijione mgonjwa katika nyumba ya mwanawe.

Mafuta ya alizeti ya kwetu ni mazuri, shida ni kipimo. Acha kumimina kutoka kwenye dumu, tumia kijiko. Chapati na maandazi viwe vya siku za furaha. Mafuta yaliyokwisha kukaangia na kubadilika rangi yamwage.

Soda pia. Chupa ya mililita 350 huweza kubeba sukari ya vijiko vinane vya chai. Maembe bado yapo, na zabibu zinakaribia. Wape watoto tunda lenyewe badala ya juisi, watafune na nyuzinyuzi zake.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki hii anza na kuloweka maharage na kumpa mdogo sahani yake. Wiki ijayo unga na chumvi. Yule mdogo, Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto ukifika, Juni, mpeleke kituoni apate matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, na urefu wake nao upimwe, maana uzito pekee hausemi yote.

Jumamosi nitamkabidhi dereva kilo mbili za unga wa ubuyu na mfuko mdogo wa uwele uliosagwa na mke wangu. Mkaushe vizuri chombo utakachowekea. Niandikie presha ya Mama ilisomeka ngapi siku ya kliniki, na uniambie kama Imani amekubali ugali wa uwele au bado ananuna.

Ni mimi ndugu yako,
Mathayo