Pikipiki niliyouziwa na shemeji inatoa moshi wa buluu, naye anasema tatizo ni mimi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri hii baada ya usiku mzima wa kugeuka kitandani, na naomba uniwie radhi barua ikiwa ndefu, kwa kuwa kila nilipojaribu kuifupisha nilijikuta nikiacha jambo ambalo mtu anayezijua injini angelihitaji ili atoe jibu. Swali langu ni la pikipiki. Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba hili ni suala la ndoa, nami natangulia kusema kwamba sivyo. Mambo ya ndoa tunao wazee wa kuyasikiliza, lakini moshi wa ekzosi wazee hawawezi kuusuluhisha.

Pikipiki yenyewe ni miongoni mwa hizi za Kihindi za cc 150 zilizojaa kila mahali, ina gia nne, breki za ngoma mbele na nyuma, na stendi ya kati. Niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa shemeji yangu mkubwa, kwa shilingi 1,500,000. Nilitoa 1,100,000 papo hapo, tukakubaliana kwamba 400,000 zilizobaki nitazimaliza mwisho wa mwezi huu, ndipo twende TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha kadi ya umiliki, ambayo mpaka sasa ina jina lake. Kazi yangu ni ugani, na wakulima wangu wa viazi, karoti na kabichi wako kwenye vijiji ambavyo gari hufika siku ya gulio tu, kwa hiyo asije mtu akauliza mwanamke alikuwa anatafuta nini juu ya pikipiki. Nilijifunza katika chuo cha udereva, nikafanyiwa majaribio, na leseni yangu ina daraja A. Shemeji hakuwahi kufundishwa na yeyote. Alipanda tu siku moja akaondoka.

Siku ya kuniuzia alisema mambo mawili ambayo ningeweza kuyaapia: kwamba injini haijawahi kufunguliwa tangu itoke dukani, na kwamba kebo ya mita ya mwendo ilikatika juzi tu, kwa hiyo kilomita zinazosomeka pale ndizo hizo hizo. Wakati ule haikuwa inatoa moshi hata kidogo, nakiri hilo, na ndilo analolishikilia mpaka leo.

Mambo yaliharibika nilipofanya lile ambalo mnunuzi yeyote wa chombo kilichotumika huambiwa alifanye kwanza, yaani kumwaga oili ya zamani na kuweka mpya. Niliweka 20W-50, oili ya pikipiki yenye alama ya 4T na ya JASO MA, wala si ya magari, kwa sababu najua kwamba klachi ya pikipiki hizi inaoga ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na kwamba oili za magari nyingine zina vilainishi vinavyoifanya iteleze. Chupa tupu ninayo mpaka sasa, nimeifungia kabatini. Oili iliyotoka ilikuwa nzito kama asali ya baridi, ikachukua muda mrefu kuisha, na fundi wa Soni aliichukua kidogo akaisugua kati ya vidole na kusema, “Bibi shamba, hii imechanganywa.” Akanieleza kwamba watu huweka oili nzito, au huchanganya na oili ya gia, ili injini iliyochoka inyamaze na isitoe moshi mpaka mnunuzi aondoke nayo. Mimi sikutaka kuamini, kwa sababu aliyeniuzia ni ndugu, na watoto wake wanakula kwangu.

Tangu siku hiyo inatoa moshi, na naomba nikueleze unavyokuja, kwa sababu naona hapa ndipo penye jibu. Asubuhi huku kwetu ni baridi, na ule mvuke mweupe unaotoka injini ikiwashwa kisha ukapotea ikipata joto siuhesabu, naujua ni unyevu. Ninaousema ni wa buluu, wenye harufu ya oili iliyoungua. Nikishuka kutoka Soni kwenda Mombo, kwenye zile kona, huachia mafuta na kuiacha gia ya pili inishikie pikipiki, kama nilivyofundishwa, maana breki za ngoma zikipata moto mteremkoni hazishiki. Nikifika chini kwenye tambarare na kuvuta mafuta, linatoka wingu ambalo hata wauza matunda wa pembeni hugeuza nyuso. Baada ya hapo hupungua. Nikirudi kupanda nikiwa na mzigo wa mbegu, mwenzangu mmoja aliyenifuata nyuma alisema anauona mwembamba njia nzima, na mwingine akasema hauoni kabisa. Mimi mwenyewe siwezi kujua, kwa sababu aliyekaa juu ya pikipiki hauoni moshi wake. Oili inapungua kweli: naipima ikiwa kwenye stendi ya kati, mahali sawa, injini ikiwa imezimwa na kutulia, na kabla wiki haijaisha kijiti kimeshuka kutoka alama ya juu hadi karibu na ya chini. Siku hizi natembea na chupa ya oili kwenye mkoba wa kazini, pamoja na daftari za wakulima.

Nilimwomba mume wangu achukue bodaboda anifuate mlimani hadi Soni, aangalie tu kama moshi unatoka wakati wa kupanda. Hilo tu. Hakulikataa, alisema tutaona, na kabla hatujaona ikaja hitima ya babu yao.

Ni pale, mshauri, mbele ya mawifi zangu na mama mkwe, sahani zikiwa bado hazijaondolewa, shemeji aliposema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: “Pikipiki haina tatizo, tatizo ni aliyeikalia.” Akaongeza kwamba naendesha nikiwa nimeshika klachi kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi. Watu wakacheka. Sikujali watu. Nilichojali ni kwamba na mume wangu alikuwa mmoja wa waliocheka.

Sasa nieleze hili la klachi, kwa sababu limenikaa kooni. Kwenye kona za Soni, nyuma ya lori, katika gia ya kwanza, hakuna asiyegusa klachi, na hata yeye nimemwona akigusa. Lakini hata ningekuwa naishika asubuhi hadi jioni, ninavyoelewa mimi, anayeishika klachi nusu nusu anaunguza pleti za klachi, na dalili yake ni injini kupiga kelele bila pikipiki kuongeza mwendo. Yangu haifanyi hivyo. Nikiwa gia ya nne kwenye mwinuko nikivuta mafuta, inavuta na mzigo wake. Pleti ni nzima. Na pleti zikiungua hazitoi moshi wa buluu kwenye ekzosi, au zinatoa? Naomba ulijibu hili kwa maandishi, kwa sababu nakusudia kulikata na kuliweka mahali ambapo mtu fulani atalisoma.

Mafundi nao wamenigawanya. Yule wa Soni anasema ni ringi za pistoni, injini ifunguliwe, silinda iangaliwe kama imekwaruzika, na akanipa bei ambayo siwezi kuitaja hapa bila kukasirika. Fundi wa pili, karibu na soko, alisikiliza habari ya mteremko akasema ni sili za valvu, zile raba zinazozuia oili isiingie kwenye silinda, kwa sababu mafuta yakiachiwa huku injini inazunguka kwa kasi, silinda inafyonza kwa nguvu na kuivuta oili kupitia kwenye valvu za kuingizia, kisha unapovuta mafuta, oili hiyo yote inaungua kwa pamoja. Anasema ni kazi ndogo. Fundi wa tatu ni rafiki wa shemeji na alisema haina kitu, akaniambia nimejaza oili kupita kiasi, kwa sababu filta ya hewa ilikuwa na umajimaji wa oili kutoka kwenye ule mpira wa kupumulia injini. Nami nimekwishakuambia ninavyoipima.

Lakini yule wa pili alinionyesha jambo ambalo ndilo lililoninyima usingizi zaidi ya moshi. Kwenye kiungo cha kichwa cha silinda kuna gundi nyekundu ya gesketi imetokeza pembeni, na bolti zake zina alama za spana. Injini ambayo haijawahi kufunguliwa gundi hiyo inatoka wapi? Nilimwuliza shemeji kwa adabu, kwa simu, wala sikumtuhumu. Alisema kwamba mwanamke akianza kuangalia bolti atamaliza nyumba. Nilimweleza mume wangu maneno hayo nikitarajia angalau akunje uso. Alisema kaka yake ni mtu wa utani.

Basi naogopa kwamba swali langu lina sura mbili na sijui lipi litangulie. Kama ni sili, basi ni uchakavu wa kawaida wa chombo kilichotumika, nitazibadilisha kimya kimya na hakuna atakayejua kwamba niliandika. Kama ni ringi, na ile oili nzito iliwekwa makusudi, basi aliniuzia huku akijua, na hapo sioni kwa nini nimkabidhi zile 400,000 mwisho wa mwezi, ingawa nisipomkabidhi, kadi itabaki kwa jina lake na anaweza kuja kuichukua pikipiki uani mchana kweupe na mama mkwe akamfungulia geti. Kurudisha pikipiki sitaki, nakuambia ukweli, kwa sababu naipenda na kwa sababu kurudisha kutakuwa ni kukubali kwamba aliyeikalia ndiye tatizo. Ila pia, jana usiku nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi nitakavyoisukuma hadi mlangoni kwake na kuiacha hapo, na kudai milioni yangu na laki yake mbele ya watu wale wale waliocheka.

Lipo na jambo dogo ambalo naona aibu kuliuliza mafundi. Ikiwa ule mfyonzo wa mteremkoni ndio unaovuta oili, je, kushuka na gia kunaiharibu injini? Shemeji hushuka Mombo akiwa ameweka gia huru na kuzima injini kabisa ili kuokoa petroli, na vijana wengi wa bodaboda hufanya hivyo hivyo, kisha wanatuambia sisi tunaoshuka na gia kwamba tunaua injini. Mwalimu wangu alisema ni kinyume. Nimeshika alichonifundisha mwalimu, lakini katikati ya usiku, mtu akiwa peke yake macho, hata jambo analolijua hulitilia shaka. Sitaki kusikia kwamba mtindo wangu wa kushuka umeuonyesha ugonjwa uliokuwapo, halafu mtu akaligeuza akasema umeuleta. Ni vitu viwili tofauti na nadhani wewe unaliona hilo.

Umewahi kueleza katika safu hii kipimo cha kijiko cha oili, yaani kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), kisha kumimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kuizungusha injini na kupima tena. Ikipanda sana tatizo ni ringi au silinda, isipopanda mtu aangalie valvu. Naomba uniambie kama kipimo hicho kinaweza kufanywa kwa kidole gumba kwenye tundu la plagi, kwa sababu mafundi wa huku hawana geji, na kama mabadiliko yake yanaonekana vya kutosha kiasi kwamba hata mtu asiyejua injini akisimama pale ataelewa. Nauliza kwa sababu fundi wa pili alisema sili zinaweza kuchoka na kompresheni ikabaki nzuri kabisa, na kwamba ikionekana hivyo tutakuwa tumepata jibu bila kufungua kitu. Plagi niliitoa mwenyewe. Ina masizi meusi yenye unyevu wa oili upande mmoja, nayo nimeihifadhi kwenye karatasi pamoja na ile chupa.

Usinijibu kuhusu mume wangu. Ni mtu mwema, hanikosei kwa kitu, na kicheko kile kilikuwa kifupi. Nijibu tu kama ni halali kumwomba yeye ndiye aweke kidole kwenye tundu la plagi wakati mimi napiga kiki, au kama ni afadhali nitafute mtu wa nje ya familia, kwa maana nikimchagua yeye na akahisi kompresheni imepanda, sijui atakwenda kumwambia kaka yake nini, na nikimchagua mtu wa nje, atasema nimemdharau.

Mwisho wa mwezi ni wiki ijayo. Naomba jibu litoke kabla ya hapo, na usiitaje wilaya yetu, ingawa najua aliyepanda barabara ile hata mara moja ameshatambua ni wapi.

Wako katika kusubiri,
Bibi shamba wa milimani